Aliyeshika Ncha ya Tepu

Mthamini alikuwa amekwisha kupima ukumbi na vyumba viwili ndipo akakumbuka kwamba msaidizi wake hakuja kazini siku hiyo.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha tatu, kasha la tepu mkononi. Miaka yote alizoea kuingia chumbani, kusema "Shika hapo" bila kugeuka, kisha kurudi nyuma akiandika vipimo. Leo pia alisema. Leo pia tepu ilinyooka hadi ukutani, ikavutika, ikatulia. Huko mwisho hapakuwa na mtu. Ncha ilisimama hewani, usawa wa kiuno.

Harufu ilifuata: udongo uliomwagiwa maji, na ndani yake kitu kama nywele zilizoungua.

Mwenye nyumba alikuwa jikoni akisogeza kabati. Watu walimwita Matroni, kwa sababu ya kazi yake ya kusimamia bweni la wasichana. Mumewe alikuwa amefariki, na nyumba ikabaki kati yake na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Benki ilikubali kumkopesha anunue sehemu ya shemeji, mradi ripoti ya thamani ya nyumba ifike kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa. Ikichelewa, shemeji angemuuzia mteja wake, ambaye tayari alikuwa amekuja kuchagua ukuta wa kuanza kubomoa. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kwa hiyo Matroni alifanya kila la kuharakisha kazi. Hati na ramani aliziweka mezani. Samani alizitenga na kuta. Milango aliifungua yote, hata wa stoo, ambayo marehemu aliifunga zamani bila kueleza kwa nini. Ndani alikuta kiti kibovu na ile harufu. Alidhani ni panya.

Aliposikia kasha la tepu likianguka, alitoka jikoni. Mthamini alikuwa ameegemea ukuta wa korido.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nani mwingine yuko humu?"

"Mimi na wewe."

"Basi nani ameshika?"

Matroni alitazama sakafuni. Tepu ilikuwa inatoka ndani ya kasha yenyewe, polepole, ikipita kati ya miguu yao bila kuigusa, ikakunja kona ya korido, ikaingia stoo, ikaendelea kuingia na kuingia, ingawa stoo ile mtu akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili, na kutoka huko ndani ikasikika pumzi nzito ya mtu aliyechoka kusubiri.

Mthamini alikuwa barabarani kabla Matroni hajageuka. Matroni alimkuta ameshikilia geti. Alieleza kwamba kwao walikatazwa tangu utotoni kuagiza kitu kwenye chumba kitupu, kwa kuwa anayeitikia haachii mpaka aambiwe. Alikuwa amejaribu kumwambia aachie, lakini sauti ilikataa kutoka.

"Na siwezi kutia sahihi nyumba ambayo sijaimaliza kupima," aliongeza.

"Utaimaliza. Simama dirishani na kalamu yako. Nitavuta mimi, utasoma wewe."

"Mama, acha. Nyumba zipo nyingi."

"Kwa wengine."

Alirudi ndani, akaokota kasha. Jua la alasiri lilikuwa bado kali uani, lakini mlango wa stoo ulikuwa mweusi kama mdomo. Sauti ilitoka humo, na ilikuwa ya mumewe, na kikohozi chake kilekile cha kabla ya kusema.

"Mama watoto. Mwache auze. Funga mlango huu uondoke."

Alishika fremu ya mlango.

"Mume wangu alikufa akinisihi nisiiache hii nyumba," alisema. "Kwa hiyo usiniigizie. Nimelea mabinti wanaojifanya wanaumwa kila siku ya mtihani, nakujua. Umeitwa kushika. Toka, shika."

Tepu ikavutika.

Walipima chumba cha tatu, jikoni, bafu. Matroni alipotaja kona, ncha ilikuwa imeshafika. Dirishani, mthamini alisoma na kuandika, jasho likimdondoka karatasini, na baadaye alikiri kwamba hajawahi kumaliza nyumba upesi namna ile. Stoo ilikuwa ya mwisho, nayo ikapimwa na kuandikwa.

"Imetosha," Matroni alisema. "Achia."

Haikuachia. Ilivuta, kwanza kidogo kama mtu anayetania, halafu kwa nguvu, na kandambili zake zikaanza kuteleza juu ya saruji, na giza likamfika vidoleni, la baridi, na harufu ya nywele ikamjaa kooni, na mumewe akacheka humo ndani, kisha mama yake, kisha yeye mwenyewe, naye akazungusha tepu mkononi mara mbili hadi ikamkata, akakanyaga kizingiti, akasema kwa sauti ileile anayoamuru nayo taa zizimwe bwenini: "Nimesema achia."

Tepu ilirudi kwa mlio wa kofi.

Ripoti ilifika benki Ijumaa asubuhi. Mlango wa stoo Matroni aliurudishia tu. Hakuufunga kwa ufunguo.

Wiki iliyofuata shemeji alikuja na tepu yake mpya. Alisema ripoti ya kasi hiyo imepikwa na nyumba imepunguzwa ukubwa ili yeye apunjwe. Angepima mwenyewe, kisha aende mahakamani. Matroni alikuwa ukumbini na kikombe cha chai.

"Njoo unishikie huku, shemeji," mdogo wa marehemu alimwambia.

"Mkono wangu una kidonda. Sema tu, utashikiwa."

Shemeji alicheka, akamwambia ujane umemvuruga akili. Akaelekeza ncha upande wa korido.

"Haya. Shika hapo."

Tepu ikanyooka. Harufu ya udongo mbichi ikaingia ukumbini. Kandambili za shemeji zikateleza hatua moja kuelekea stoo, kisha nyingine.

"Ukitaka akuachie, mwambie aachie," Matroni alisema. "Ukishindwa, nitamwambia mimi. Lakini mahakamani huendi."

Shemeji alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena na tena, macho hayabanduki koridoni.

Matroni alimalizia chai yake kwanza.