Fundo la Mzee

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa fremu za picha. Jioni hiyo alikuwa hoi, kope nzito, amebakiza ubao mmoja. Marehemu baba yake, aliyemwachia karakana, hakuchoka kumwambia, "Ukichoka, mwanangu, chomoa waya. Kesho ipo." Yeye akafunga mlango kwa komeo, akauwasha msumeno wa umeme wa kukatia pembe, akaushusha. Ukanguruma, mara ukanyamaza. Giza totoro.

"Mama watoto, umeme umekatika!"

"Mbona huku upo?" mkewe akajibu kutoka jikoni.

Taa ikarudi yenyewe. Kidole gumba chake kilikuwa chini ya meno ya msumeno kabisa. Komeo halijaguswa. Ila waya ulikuwa umechomolewa, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kitambaa, mafundo mawili, kama alivyozoea kuufunga mzee.