Kigoda cha Fundi

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi, kiatu cha mteja kikiwa mapajani mwake. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Yeye alishona viatu kibarazani, mimi nikashona nguo chumba cha mbele.

Binti yetu alikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, akisoma uchumi. Baba yake alimwita Profesa. Kila Alhamisi akirudi, Fundi alimvutia kiti.

"Haya Profesa, leo wamewadanganya nini?"

Binti alieleza somo, baba akamkatiza kwa maswali ya kuudhi. Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Baada ya mazishi, Profesa alijifungia na madaftari. Nilimsikia akirudia sentensi moja mara ishirini. Nikajua anajitahidi. Kumbe jaribio la kwanza la muhula alifeli. Akifeli na la pili, angeondolewa kwenye kozi.

"Mama, uchumi hauniingii tena," aliniambia. "Bora niache."

Wiki ile mwalimu wake msaidizi alikuja kuchukua kiatu. Ni kile kile kilichokuwa mapajani mwa Fundi. Uzi wa Fundi ulikuwa bado unaning'inia.

"Pole sana, mama," alisema. "Sikujua fundi wangu ndiye baba wa mwanafunzi wangu."

Nikamwita binti.

"Kwenye jaribio niliuliza habari za mkulima na shamba lake," mwalimu akamwambia. "Wewe ukaniandikia maneno yangu ya darasani. Ningekohoa, ungeandika na kikohozi."

Binti akatabasamu. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo tangu msiba.

"Gharama ya fursa ni nini?" mwalimu akamuuliza.

"Ni thamani ya mbadala bora zaidi ulioachwa uchaguzi ulipofanyika."

"Sawa. Sasa mweleze mama yako."

Akanirudishia maneno yale yale.

"Muhula uliopita ulifaulu vizuri. Ulikuwa unasomaje?"

"Sikuwa nasoma sana, mwalimu. Nilikuwa namsimulia baba tu."

"Huko ndiko kusoma! Ukimweleza asiyejua, akikuuliza, unaona pale ambapo hata wewe hujaelewa. Ukikariri peke yako, hupaoni."

Binti akalia. Tulimwacha alie. Kisha nikaketi kwenye kigoda cha Fundi, nikaokota kipande cha ngozi.

"Haya, Profesa. Mimi sijui kitu. Nieleze."

Akafuta macho. "Ngozi hii inatosha mkanda mmoja au jozi ya ndala. Si vyote viwili."

"Nakata mkanda. Gharama iko wapi? Ngozi si ninayo?"

"Umekosa ndala, mama. Ndala ulizozikosa ndizo gharama ya mkanda."

"Na ningeweza kushona mfuko wa simu. Huo nao tuuhesabu?"

Akafikiri. Mwalimu hakumsaidia.

"Hapana. Ngozi ni moja. Unahesabu kile kimoja ambacho ungekichagua kama si mkanda." Akanitazama. "Hilo sikuwa nimelielewa mpaka umeuliza."

"Baba yako angeuliza vibaya zaidi," nikamwambia.

Jaribio la pili alifaulu, na mtihani wa mwisho pia. Kiatu cha mwalimu nilikimalizia mwenyewe. Mshono wangu umepinda kidogo, lakini anakivaa.

Sasa Profesa yuko mwaka wa pili. Wanafunzi wenzake wawili huja naye. Alhamisi saa kumi nafunga cherehani, naketi kibarazani, nauliza.