Kuta za Chumba cha Mama Bintu

Rangi ya kijivu haikuwa imetimiza siku tatu ukutani, na tayari juu ya kitanda cha Mama Bintu kulikuwa na kiraka cha krimu, kikubwa kama sinia. Rahima, bintiye, alimlaumu fundi. Fundi Steve akaja na brashi yake kutoka mtaa wa Nyawera, akapaka mara mbili, akaondoka akikuna kichwa. Kufika alasiri, krimu ilikuwa imeenea ukuta mzima.

Kijivu ndicho kinachotamba Bukavu siku hizi. Nyota, binti wa Rahima anayesoma chuo kikuu, alikichagua kwenye simu. Mama Bintu hakukikataa. Aliomba tu kipakwe juu ya rangi za zamani, pasikwanguliwe kitu. Baba yake, aliyeijenga nyumba hiyo alipotoka Uvira, alikuta kiwanja kina mwenyewe asiyeonekana. Aliandika aya kwa zafarani, akaziosha, na maji yake akachanganyia chokaa ya kwanza ya chumba kile, ili kumfungia huyo mwenyewe nje. Tangu hapo kila kizazi kilipaka juu tu. Lakini rangi za miaka sabini zilikuwa zimefanya mabonde, na Rahima alitaka ukuta laini. Alimwambia Steve akwangue mpaka kwenye matofali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na methali hiyo Rahima mwenyewe alipenda kuwatolea wengine.

Siku ya krimu, rangi iliyopakwa Nyota alipozaliwa, Mama Bintu aliuliza kama Nyota ameota meno, na Nyota alikuwa amesimama mbele yake. Kesho yake ukuta ulikuwa wa pinki, ile ya miaka ya tisini, na mama akashinda dirishani akimngoja mumewe ambaye vita vilimchukua. Kisha kikaja kijani cha majani mabichi, chenye mkanda wa kahawia chini, rangi ya mafuta iliyopakwa zamani ili mikono ya watoto isiache alama. Siku hiyo mama alimwomba Rahima, kwa adabu anayopewa mgeni, aende amchukue Rahima shuleni.

Siku ya nne ukuta ulikuwa wa bluu. Mama Bintu alijifunika uso kama bibi harusi.

“Mimi sina mutoto,” alisema. “Weye ni nani?”

Rahima aliogopa, kwa sababu alijua kwamba nyuma ya bluu ipo chokaa tu, na nyuma ya chokaa ni matofali, na wakati wa matofali mama yake alikuwa hajazaliwa, na ndani ya ukuta kitu kilikuwa kinakwangua polepole, bila haraka, huku chumba kikinuka chokaa mbichi.

Rahima akamwita Shehe Sumaili, naye akaweka sikio ukutani, akalitoa upesi.

“Mwenye kiwanja anarudia mulango yake, na anamubeba maman,” alinong'ona. “Pakeni zote tena, moja moja, vile zilifuatana. Mukifika kwa krimu, musimame. Ile ya mupya haiko na miaka yake bado ya kuishika, itamubeba mutu mbele.”

Shehe akaosha aya, na Rahima akapaka kwa mkono wake mwenyewe: chokaa, bluu, kijani, pinki, krimu, akiacha kila moja ikauke, na kila ilipokauka mama alirudi hatua moja, mpaka siku ya tano akamshika shavu na kusema, “Rahima, umekonda.” Rahima alilia kwa furaha. Ndani ya ukuta palikuwa kimya.

Lakini Nyota alipoingia, bibi alimwamkia kama mgeni. Kwake Nyota alikuwa bado anatambaa. Msichana alitoka akajifungia chumbani, na Rahima, aliyetaka mama arudi mzima, hakuvumilia. Ndoo ya kijivu ilikuwa na rangi bado. Alimaliza ukuta kabla ya adhuhuri, akajilaza kando ya mama yake kungoja ikauke.

Alipofumbua macho, ukuta ulikuwa wa rangi ambayo hakuwahi kuiona kwenye nyumba yoyote. Upande wa mama palikuwa patupu, shuka limenyooshwa. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mwenye mvi, na Rahima akashukuru.

“Mama,” alimwita.

Yule mwanamke akaketi kitandani, akamshika Rahima mkono, uliokuwa umejaa mikunjo ya uzee, taratibu, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo siku nyingi.

“Hapana, Mama. Ni miye, Nyota. Leo unanijua?”