Udongo Mkavu Kwenye Bomba

Jumamosi asubuhi, Ndinda huwa kibandani kwa baba yake pale Kayole, akimsaidia kuziba pancha. Jumamosi hii alikuwa shuleni na Chama cha Sayansi. Darasa jipya la gredi ya kwanza lilikusudiwa kujengwa nyuma ya shule, palipokuwa na jaa la taka zamani. Madam Nzembi, mtaalamu wa udongo, alikuja kupima kama kuna gesi hatari ya taka zilizooza ardhini.

Alishindilia bomba jembamba chini. "Ndinda, kanda udongo wa mfinyanzi kwa maji, uzibe pembeni mwa bomba. Hewa ya juu ikipenya, tutapima hewa ya uwanjani tukidhani ni ya ardhini."

"Sawa, Madam."

Lo! Papo hapo rafiki yake Eve akaita, "Niaje, Ndinda! Zamu yako kuruka kamba!" Miguu ikamwasha. Akamwaga udongo mkavu, akaukanyaga mara mbili, huyo mbio!

Aliporudi akihema, Madam alikuwa ameshavuta hewa kwenye mashine. "Taa ya gesi haijawaka," akasema. Vigelegele! Eve alishangilia kuliko wote, kwa kuwa mdogo wake Mutisya angesomea darasa hilo.

Ndinda alilitazama bomba. Je, Mutisya akikalishwa juu ya gesi? Aliona aibu, lakini akasema, "Madam, sikukanda. Nilimwaga udongo mkavu nikaenda kucheza."

Madam akalowesha kitambaa kwa spiriti, akakizungusha kwenye shina la bomba, akavuta hewa tena. Taa nyingine ya mashine, ya buluu, ikawaka.

"Mashine imenusa spiriti," alisema. "Spiriti iko huku juu. Kwa hivyo bomba linavuja, tumepima hewa hii tunayopumua."

Ndinda akakanda udongo mpaka ukalainika kama unga wa chapati uliokandwa, akaziba. Madam akavuta hewa tena, taa ya buluu ikazimika. Ya gesi, nyekundu, ikawaka! "Hapa hapajengwi," akasema Madam.

Wakahamia karibu na geti, Madam akashindilia bomba hapo. Ndinda akaziba tena, kitambaa kikazungushwa, na taa zote mbili zikabaki zimezimika. Hapo ndipo watoto waliposhangilia kwelikweli, Eve akambeba Ndinda mgongoni.

"Kitambaa ningekitumia hata usingesema, huwa siondoki bila kukitumia," alisema Madam akicheka. "Kingenionyesha bomba linalovuja, lakini kisingenionyesha mtu wa kumwamini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kosa ni ufa. Wewe umeuziba mapema, mwanangu."

Ndinda akatazama mikono yake iliyojaa matope. "Basi, Madam, bomba linalofuata niachie mimi."