Nilirekebisha Seva Kimyakimya, Rafiki Yangu Akafutwa Kazi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Nuu, sijaolewa, na kazi niliyosomea ni ya kompyuta. Ndugu msomaji, haya sikusimuliwa na mtu. Niliyatenda kwa mikono yangu hii...

Kalekye na mimi tulikua pamoja. Tuliimba kwaya moja, na hata tulipokuwa watu wazima aliniita mwiitu wa mwaitu, yaani binti ya mama yangu. Yeye alisomea uuguzi. Alipopata kazi katika kliniki moja ya kibinafsi kule Kathonzweni, ni yeye aliyepeleka jina langu kwa meneja. Kazi niliyokuja kumharibia nayo maisha, alinitafutia yeye!

Kliniki hiyo ilikuwa na tawi lingine Mwingi. Kila tawi lilikuwa na seva yake, ile mashine inayotunza rekodi za wagonjwa. Ya Mwingi ilikuwa ya toleo la zamani, ya Kathonzweni ilikuwa mpya. Niliambiwa niandike adapta, programu ndogo ya kukaa katikati ili seva hizo mbili zielewane, na mgonjwa wa Mwingi akitibiwa Kathonzweni faili lake lionekane.

Kwa seva mpya ilifanya kazi vizuri. Kwa ile ya zamani ilikataa, skrini ikajaa makosa. Meneja alikuwa akinisukuma kila asubuhi, nami nilikuwa na kiburi, sikutaka kusema nimeshindwa. Nikaiagiza adapta kwamba isichokielewa ikiache wazi, isonge mbele. Makosa yakatoweka. Kwenye mkutano nilipigiwa makofi!

Sikujua kwamba mahali pamoja palipoachwa wazi ni pale pa aleji, panapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa. Na skrini ya Kathonzweni ikikuta pako wazi, iliandika: Hana aleji.

Jumanne moja akaja Mama Mutheu, muuza ndengu wa Mwingi. Alikuwa amekuja sokoni, koo likamvimba hata hawezi kuongea. Kalekye akafungua faili, akasoma, akamdunga penisilini. Kumbe Mwingi walikuwa wameandika zamani kwamba dawa hiyo ni sumu kwake! Uso ulifura, pumzi zikakatika. Walimkimbiza hospitali kubwa, akaokoka... lakini ubongo ulikuwa umekosa hewa. Mpaka leo hawatambui watoto wake.

Mchana huohuo niliifungua adapta, nikaliona kosa langu. Dawa ya kosa hilo ilikuwa nini? Mistari minne tu! Iulize seva kwanza ni ya toleo gani, kisha isome rekodi kulingana na jibu. Nilimaliza haraka. Halafu nikafuta kila alama ya ile niliyoandika mwanzo.

Kesho yake tuliitwa kwa meneja. Kalekye alikuwa amelia mpaka macho yakawa mekundu.

"Bosi, mimi niliangalia kompyuta. Iliandika hana aleji. Mwende, si wewe ndiye unajua hii mashine? Si uwaambie!"

Meneja akafungua faili mbele yetu. Aleji: penisilini. Ilionekana kwa herufi nyekundu. Akanigeukia.

"Mwende, kompyuta ilikuwa na shida?"

Ningesema neno moja tu... Nikasema, "Hapana. Iko sawa."

Alifutwa siku hiyo. Akakatazwa kufanya uuguzi popote hadi uchunguzi uishe. Kanisani wakamwambia apumzike kuimba. Mchumba wake, ambaye watu wake walikuwa wameshapeleka mbuzi wa posa kwao, akasema ukoo wake hautaki mtu wa kudunga watu sumu. Na mimi? Niliongezewa mkataba!

Nilinyamaza miezi saba. Kisha Mutheu, binti ya yule mama, akaja kuomba nakala ya faili. Nilipompa alinishika mkono akasema, "Asante dada, Mungu akubariki." Mimi nibarikiwe! Nililia mbele yake, na hakujua kwa nini.

Jumamosi nikaenda Nuu. Kalekye alikuwa shambani akichimba mtaro. Nilipiga magoti kwenye mchanga nikasema yote. Aliegemea jembe, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Hukuniangalia machoni."

"Mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Nilikungoja wewe. Kila siku nasema, leo Mwende atakuja. Miezi mitatu ilipopita nikachoka." Akainua jembe. "Enda uwaambie wao. Mimi usiniambie."

Nilienda kwa meneja. Niliandika yote nikatia sahihi, na Jumapili nikasimama kanisani nikakiri mbele ya watu. Kazi ilikwisha, kesi bado naijibu. Kalekye alisafishwa jina kwa barua, akaruhusiwa tena kuuguza. Hakurudi. Anasema akishika sindano mkono unakufa ganzi. Yule mchumba ameshaoa kwingine.

Juzi tulikutana Mwingi. Alinisalimia, "Habari yako, dada," kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia, akapita. Ingekuwa heri angenitukana!

Ndugu zangu, kukosea ni kwa kila mtu. Lakini kama kuna mtu leo anaadhibiwa kwa kosa lako, nenda useme leo, kabla hajaacha kukungoja. Mimi nilisema ukweli wote... na haukumrudishia kitu hata kimoja.