Milioni Moja na Moja

“Gawa kwa mia moja na moja,” nesi alimwambia mumewe, akamsukumia simu yenye 1,000,001 kwenye kikokotoo. Hata kukaa hajakaa, vumbi la safari ya saa kumi nzima bado liko miguuni.

Mume, mwalimu wa hesabu, akabonyeza. Ikatoka 9,901. Kamili, bila baki.

“Miaka sita natembea na karatasi yako ya uchumba,” nesi alisema. “‘Sisi ni 1,000,001. Namba tasa, hakuna wa kuigawa.’ Ukaorodhesha na zote ulizojaribu. Mbili, tatu, tano, saba, mpaka tisini na saba. Leo kwenye basi nikasema ngoja niendelee. Namba tasa inayofuata ni ipi?”

“Mia moja na moja.”

“Kumbe unajua!”

“Nilikuja kujua tumeshaoana. Nikaona aibu. Siku ile nilijaribu namba ishirini na tano, mke wangu, nikachoka, nikasema yatosha.”

“Ilibaki moja, Mwalimu. Moja tu!”

Alicheka, kicheko cha mtu aliyetoka zamu tatu mfululizo. Kila mwisho wa mwezi nesi huyu hupanda basi kumfuata mume anayefundisha mji mwingine. Siku mbili, wanaagana. Hiyo si ndoa, ni adhabu.

“Sasa nijibu na hili. Barua yako ya uhamisho, kweli waliikataa?”

Mwalimu akamrudishia simu.

“Mume wangu, nakuuliza.”

“Mkuu wa shule alisaini, akagonga muhuri. Ilibaki kuipeleka ofisi ya elimu.” Mwalimu aliinamisha kichwa. “Sikuipeleka, iko kabatini. Niliogopa kukataliwa, nikakwambia wamekataa.”

Nesi akakaa. Machozi yalimtoka bila sauti, amechoka hata kulia.

“Miaka miwili nalala kwenye mabasi, kumbe barua iko kabatini?”

“Nisamehe.”

“Ofisi inafungwa saa ngapi?”

“Saa tisa na nusu.”

“Sasa ni saa nane. Nenda. Ukirudi nayo mkononi, hunikuti.”

Mwalimu alitoka mbio, shati nje.

Saa tisa na robo ujumbe ukaingia: “Foleni ndefu, wanakaribia kufunga. Nije Jumatatu?”

Nesi akajibu: “Umeishia tisini na saba tena?”

Alikwenda kuchukua begi lake, akaliweka karibu na mlango, akasimama hapo. Simu ikaita.

“Wamepokea!” Mwalimu alikuwa anahema. “Majibu baada ya miezi mitatu. Ila wanaweza kukataa.”

“Wakikataa?”

“Napeleka nyingine.”

“Wakikataa na hiyo?”

“Nyingine tena, mke wangu. Nimechoka kukuaga.”

Nesi alifumba macho. Alimpenda mtu huyu, na ndilo lililomchosha kuliko mabasi yote.

“Nitasubiri,” alisema. “Ila mwisho wa mwezi ujao mimi sipandi basi. Unapanda wewe.”