Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Emorut, baba yake Sheilah, alikuwa ajenti wa forodha pale Malaba. Kazi yake ilikuwa kushughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda. Kutwa nzima alikuwa na madereva, akisikiliza malalamiko yao na kuyaongezea ya kwake. Lakini Jumatatu na Alhamisi aliomba ruhusa kazini. Siku hizo zilikuwa za mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo aliitwa Anyait. Aliishi Angurai, kwenye shamba lake la mihogo na wimbi. Figo zake zilikuwa zimeharibika. Mara mbili kwa wiki ilibidi asafishwe damu kwa mashine, katika hospitali mjini Busia. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akikosa mashine, maji na sumu zitajaa mwilini, na hapo hakuna dawa ya kumsaidia.

Ndiyo maana Emorut alinunua gari. Lilikuwa haibridi ya kuchaji. Lilikuwa na injini ya petroli na pia mota ya umeme, na betri yake kubwa ilichajiwa nyumbani kwenye soketi, kama simu. Gari hilo halikumtikisa mgonjwa, na halikuwa na kelele. Majirani walikuja kulisikiliza likiwashwa, wakarudi kwao bila kusikia kitu.

Ila safarini kulikuwa na jambo la heshima. Kwa Emorut na watu wake, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawapigi soga. Kwa hivyo Mama Anyait alikaa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo mkwe hangeweza kumwona. Emorut naye alikiinua kioo cha ndani kikatazama paa. Ajiko, mke wa Emorut na binti wa mama, alikaa mbele. Yeye ndiye aliyekuwa posta.

"Ajiko, uliza mkwe kama alilala vizuri," mama angesema.

"Mama anauliza kama ulilala vizuri," Ajiko angesema.

"Mwambie nililala vizuri," Emorut angejibu.

Kila neno lilikuwa limeshasikika garini, lakini Ajiko alilipeleka hivyo hivyo. Heshima ndiyo iliyotaka hivyo.

Mama alihisi baridi kila wakati kwa sababu ya ugonjwa. Alijifunika blanketi moja, akalitandaza jingine kwenye kiti hadi mlangoni. Vioo vilifungwa. AC ilizimwa. Emorut alitoa jasho, akajifuta kwa leso huku akiendesha.

Alhamisi moja, wakipanda mwinuko ulio karibu na Amukura, gari likaishiwa nguvu. Emorut alikanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ilinguruma, lakini gari lilitambaa. Taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, na maneno yakatokea kwamba nguvu zimepunguzwa. Lori lililokuwa nyuma yao lilipiga honi, kisha likawapita kwa hasira, huku dereva wake akiwatazama kutoka juu.

Walifika hospitali wamechelewa. Zamu ya mama ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Ilibidi asubiri hadi alasiri, akiwa amejiinamia kwenye benchi.

Emorut alilipeleka gari kwa mafundi. Wa kwanza alisema ni petroli chafu, ile ya mitungi inayovushwa mpakani. Emorut hakuwahi kununua petroli ya mitungi, lakini alikubali tangi limwagwe. Wa pili alibadilisha plagi. Wa tatu alishauri ile betri kubwa itolewe kabisa, gari libaki la petroli kama magari mengine yenye adabu. Hapo Emorut alichukua ufunguo wake akaondoka.

Kila baada ya matengenezo alilijaribu gari peke yake. Lilipanda Amukura bila shida yoyote. Siku ya hospitali ikifika, likiwa na mama ndani, lilitambaa tena. Mafundi wakaanza kumtazama Emorut kama mtu anayetafuta mazungumzo.

Alhamisi nyingine lilipozidiwa tena, mama alizungumza kutoka kule nyuma.

"Ajiko, mwambie mkwe asijisumbue. Hii gari ikiwa na yeye inakimbia. Ikiwa na mimi inakataa."

"Mama, gari haijui watu."

"Basi inakataa nani? Wewe?"

Ajiko aligeuka kumtazama mama yake.

"Mimi nimeshaelewa," mama akasema. "Jumatatu sitaenda. Wacha nikae kwangu."

Ajiko hakuupeleka ujumbe huo. Emorut alikuwa ameusikia.

Jumatatu mama alijifungia ndani kwake. Ajiko alibisha, akabembeleza, akalia mlangoni. Mama alijibu kwa upole kwamba hana hasira na mtu. Kufikia Jumatano miguu yake ilikuwa imevimba. Akilala, alipumua kwa shida. Emorut aliogopa sana. Aliona kama gari alilolinunua kumsaidia mama ndilo linalomuua.

Ofisini alimweleza mwenzake Oduori.

"Lakini boss, wewe unapeleka hiyo gari kwa mafundi wa malori," Oduori alisema. "Kuna Mercyline, ako hapo nyuma ya paki ya trela. Alisomea haya magari ya umeme. Mpigie."

Emorut alipiga simu papo hapo.

"Inapoteza nguvu wakati gani?" Mercyline aliuliza.

Emorut alishusha sauti. "Nikiwa na mama mkwe."

"Peke yako je?"

"Peke yangu iko sawa kabisa."

"Basi niletee gari pamoja na mama mkwe."

Emorut alihisi afadhali angeambiwa alete injini begani. Lakini Ajiko alipopata habari, alikwenda Angurai jioni hiyo hiyo. Safari hii hakubembeleza.

"Mama, kuna fundi anataka kuona gari ikikataa," alisema. "Bila wewe haikatai. Tunakuhitaji."

Mama alifikiri. Tangu augue, hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba anahitajika kwa kazi fulani.

"Nitaenda hiyo mara moja," alisema.

Alhamisi asubuhi walimpitia Mercyline pale Malaba. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli safi. Alikuwa na kifaa kidogo chenye skrini. Alikichomeka chini ya usukani, akaenda kukaa nyuma kando ya mama.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Mercyline. Kaeni vile mnakaa siku zote. Msibadilishe chochote."

Kisha akatazama mbele. "Na hiki kioo, mbona kinaangalia juu?"

Ajiko alitazama nje dirishani.

Walipita Amagoro. Mama alijifunika blanketi lake, akatandaza la pili kama kawaida. Joto lilipanda garini. Mercyline alifuta jasho, macho yakiwa kwenye skrini.

"Betri inapata joto," alisema. "Bado inapanda. Endelea, boss."

Walipofika kwenye mwinuko, gari likalegea. Taa ya njano ikawaka.

"Mmeona?" mama alisema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni. "Inanikataa."

"Washa taa za dharura," Mercyline alimwambia Emorut. "Toka barabarani kabisa, usimame pale penye nafasi. Usizime gari."

Emorut alifanya hivyo. Mercyline aliinama kuelekea upande wa mama, akatega sikio, kisha akainua ile ncha ya blanketi iliyokuwa mlangoni. Chini yake, ubavuni mwa kiti, palikuwa na tundu pana lenye wavu wa plastiki. Palitoka mvumo mkali wa feni.

"Mama, hii blanketi uliiweka hapa ya nini?"

"Hapo kuna kitu inalia," mama alisema. "Tena inavuta upepo, nasikia baridi. Ndiyo nikaifunika."

"Inalia kila siku?"

"Kila siku. Na tukifika huku kwa mlima inalia zaidi."

"Na haukuambia mtu?"

Mama alitazama mikono yake. "Mkwe amenunua gari kwa ajili yangu. Sasa nianze kusema gari yake inapiga kelele?"

Emorut alisikia kila neno. Aliona aibu. Kwa muda wote huo alikuwa amelikagua gari kila mahali, isipokuwa kiti cha mama mkwe, kwa sababu heshima ilimkataza hata kukitazama.

Mercyline aliondoa blanketi la kitini, akafungua vioo, na AC ikawashwa. Mama alibaki amejifunika lake. Walisubiri kando ya barabara.

"Mama, gari haijakukataa," Mercyline alisema. "Nisikilize. Hii gari ina nguvu mbili, ya injini na ya umeme. Umeme unatoka kwa betri kubwa iko huku nyuma yetu. Betri ikifanya kazi inapata joto. Kwa hivyo kuna feni inavuta hewa ya hapa ndani, kupitia hili tundu, inaenda kuipoza. Hewa ya hapa ndani ikiwa moto, haipozi vizuri. Na tundu likifungwa, hewa haipiti kabisa."

"Kwa hivyo inaungua?"

"Haiungui, kwa sababu gari ina kompyuta. Ikiona joto limezidi, inapunguza umeme ili betri isiharibike. Ndiyo maana nguvu inapotea. Inabaki injini peke yake kubeba gari yote, na mlima iko mbele. Inajilinda tu."

"Na mimi nikiwa peke yangu, hakuna blanketi," Emorut alisema polepole, "na vioo vinakuwa wazi."

"Umeona."

Joto la betri liliposhuka, taa ya njano ilizimika. Emorut aliondoa gari. Walipanda mwinuko wakiyapita malori yaliyokuwa yakijikokota. Mama alitazama nje, akayahesabu yale malori kwa midomo bila sauti. Hakusema kwamba ataendelea na matibabu. Ila walipofika hospitali, aliteremka wa kwanza.

Muuguzi alimpima uzito, akatikisa kichwa. "Maji yamekuwa mengi, mama. Usikose tena."

Mama alipokuwa kwenye mashine, Mercyline alifungua lile tundu pale uwanjani. Alitoa kichujio cha hewa. Kilikuwa kimejaa vumbi jekundu la barabara ya Angurai, na manyoya ya blanketi yalikuwa yameshikamana juu yake. Alikisafisha kwa brashi laini, akakirudisha.

"Usiwahi kukirudisha kama kimelowa," alimwambia Emorut. "Na usimwage maji huku ndani. Hizi waya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Hizo hazishikwi na mtu hajasomea."

"Kichujio kisafishwe kila baada ya muda gani?"

"Kitabu cha gari kinasema, lakini huku kwetu vumbi ni nyingi, kwa hivyo angalia mapema zaidi. Usiweke mzigo hapo, wala kifuniko cha kiti kinachoziba. Kukiwa na joto, washa AC kidogo tu, isielekee kwa mgonjwa. Yeye ajifunike mwili, tundu libaki wazi."

"Na nguvu ikipotea tena?"

"Toka barabarani, acha gari ipoe, kisha uilete ipimwe. Si lazima iwe ni hii feni. Inaweza kuwa petroli imekaa sana kwa tangi, maana mtu akienda na umeme tu, petroli inazeeka. Inaweza kuwa maji ya kupoza injini, au ile betri ndogo ya kuwasha taa. Kompyuta ya gari inaandika shida mahali iko. Fundi aisome kwanza, ndiyo afungue. Usikubali mtu akisie."

Emorut aliitikia. Mercyline alifunga kifaa chake, akaongeza:

"Lakini kifaa changu nitarudi nacho Malaba. Anayekaa karibu na hiyo feni ni mama. Yeye ndiye atasikia kwanza, na wewe ndiye unaendesha. Mtajua wenyewe mtaambiana namna gani. Na hicho kioo ukiteremshe, malori yako nyuma yako."

Emorut alikiteremsha. Alikigeuza kidogo pembeni, akaona barabara yote ya nyuma bila kumwona mtu aliyekaa nyuma yake. Alishangaa kwamba jambo hilo lilikuwa linawezekana muda wote.

Wiki zilipita. Mama hakukosa siku yake hata moja. Uvimbe wa miguu ulipungua, na usingizi ukamrudia. Blanketi la kitini lilibaki Angurai. Safarini Ajiko aliendelea na kazi yake ya posta.

Kisha ikaja Jumatatu moja ya jua kali sana. Emorut alikuwa amesahau kuwasha AC. Walikuwa wanakaribia Amukura, na lori refu lilikuwa nyuma yao. Feni ilianza kuvuma kwa nguvu. Ajiko, aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake, hakusikia.

Mama alisikia. Alisogea mbele kidogo kwenye kiti chake, akaelekeza uso dirishani, kama heshima inavyotaka.

"Baba Sheilah," alisema. "Feni inalia. Washa hiyo baridi."

"Sawa, mama," Emorut alisema, akaiwasha.

Ajiko aliinua kichwa kutoka kwenye simu. Alikuwa ameshafungua mdomo aupeleke ujumbe, akakuta umeshafika. Aliufunga mdomo wake, akageukia dirisha lake ili wasione anavyotabasamu, na gari likapanda mlima.